Unaziba bampa nyumbani? Angalia kwanza mtoto yuko wapi

Pikipiki imeanguka ikiwa imesimama. Taa inawaka, kioo kizima, ila kava la ubavuni limepata ufa. Kwa jirani, gari lilirudi nyuma likagusa nguzo ya geti na bampa likachanika pembeni. Bei ya kipya haitamkiki mwisho wa mwezi. Basi jioni baba anatoa supa gluu, mama anatafuta msasa, kazi inaanza kibarazani au, mvua ikinyesha, ndani kabisa ya chumba.

Kuziba plastiki ya gari au pikipiki nyumbani si jambo la ajabu, na familia nyingi zimeokoa fedha kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba fundi wa gereji akimaliza kazi huiacha gereji. Fundi wa nyumbani akimaliza, moshi, vumbi na vichupa vyake vinabaki pale pale watoto wanapolala, wanapotambaa na wanapokula.

Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Anavuta pumzi nyingi zaidi kwa dakika kuliko mzazi wake. Pua yake iko karibu na sakafu, na huko ndiko mvuke wa petroli na asetoni unakotulia kwa sababu ni mzito kuliko hewa. Mikono yake haikai mbali na mdomo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza gundi gani inashika, mzazi aulize kazi itafanyika wapi na mtoto atakuwa wapi wakati huo.

Herufi zilizo nyuma ya plastiki

Mafundi wengi wa nyumbani huziba ufa leo, na wiki ijayo unafunguka tena. Wanalaumu gundi, wanarudia kupaka, na kila wanaporudia nyumba inajaa harufu upya. Mara nyingi kosa si la gundi. Plastiki hazifanani.

Ukigeuza kipande upande wa ndani, mara nyingi utakuta herufi zimechapwa. Mabampa mengi ya magari huandikwa PP, wakati mwingine zikifuatiwa na herufi nyingine. Makava mengi ya pikipiki ni ABS. Kama herufi zimefutika, chukua kichembe kidogo ukitupe ndani ya glasi ya maji. PP kwa kawaida huelea, ABS huzama.

Tofauti hiyo inaokoa muda na mapafu. Supa gluu haishiki vizuri kwenye PP, kwa sababu plastiki hiyo ina uso ambao gundi nyingi huteleza juu yake. Mtu anaweza kumaliza vichupa vitano kwenye bampa la PP na bado likaachia. ABS hukubali gundi, na pia huyeyushwa na asetoni, ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha.

Moto ndio hatari ya kwanza

Njia inayopendwa mitaani ni ya kuyeyusha. Kisu au msumari huwekwa kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, kisha hupitishwa juu ya ufa ili plastiki iungane. Fundi mwenye mashine ya hewa ya moto hufanya jambo la aina hiyo, lakini yeye anapima joto. Mkaa haupimi.

ABS huanza kulainika karibu na nyuzi joto 105 za Selsiasi, na PP huyeyuka karibu na 160. Chuma kikishakuwa chekundu kimepita nyuzi 500. Hapo plastiki haiyeyuki tu, inaungua. ABS ikiungua hutoa, pamoja na gesi nyingine, kaboni monoksaidi na sianidi ya haidrojeni, ambazo ni sumu. PP nayo hutoa kaboni monoksaidi na moshi unaowasha macho na koo. Ukiona moshi, ujue kazi imeharibika: plastiki inakuwa dhaifu zaidi na hewa ya nyumba inachafuka.

Kwa mtoto mwenye pumu, harufu kali peke yake inaweza kuanzisha kukohoa, kubanwa kifua na mluzi wakati wa kupumua. Mama mjamzito naye asikae karibu. Usitegemee pua ikuambie hewa imekuwa safi, kwa maana pua huzoea harufu baada ya muda na kuacha kuisikia ingali ipo.

Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wala gesi hizi. Barakoa nzito za kuzuia vumbi, kama zile za N95, husaidia wakati wa kupiga msasa, lakini mvuke wa gundi na asetoni hupita.

Asetoni, petroli na chupa ya soda

Wapo wanaofuta bampa kwa petroli kabla ya kupaka gundi. Wapo wanaoyeyusha vipande vya ABS ndani ya asetoni mpaka vinakuwa kama uji mzito, kisha wanaujaza kwenye ufa. Njia hiyo ya pili inafanya kazi kweli kwa ABS. Lakini asetoni na petroli hushika moto kwa urahisi hata pakiwa na baridi. Mvuke wake hutambaa sakafuni bila kuonekana, na ukifika kwenye jiko la mkaa lililo pembeni, moto hurudi mpaka kwenye chombo. Kama nyumba ni ya kupanga na majiko yapo koridoni, kazi hiyo haina nafasi hapo.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi na inaonekana ndogo zaidi: mabaki yaliyowekwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma, anajua umbo la chupa. Akinywa petroli au mafuta ya taa, shida kubwa haiko tumboni bali kwenye mapafu. Kimiminika hicho huteleza kwenda njia ya hewa na kuleta nimonia kali.

Ndiyo maana mtoto aliyekunywa petroli hatapishwi. Asiingizwe vidole kooni, wala asinyweshwe maziwa au mafuta kwa imani kwamba yanakata sumu. Akitapika, kimiminika kinapata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa maji na sabuni, apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yenyewe ili mhudumu aone alichokunywa.

Supa gluu na vichupa vidogo

Supa gluu inaonekana kitu cha kawaida, na ndiyo maana huachwa juu ya meza. Mambo matatu yanafaa kujulikana.

Kwanza, ikigusa pamba au nguo ya pamba hupata joto haraka, kiasi cha kuunguza ngozi. Usiifute kwa pamba, na usivae glavu za pamba unapoitumia. Wanaonyunyizia magadi ya kupikia juu ya gundi ili ikauke haraka wajue kwamba nako kunatokea joto na mvuke mkali kwa wakati mmoja.

Pili, kichupa chake kinafanana na cha dawa ya matone ya macho. Visikae kabati moja, hata siku moja.

Tatu, ikigandisha vidole, visivutwe kwa nguvu. Vilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuachanishwa taratibu. Ikiingia jichoni, jicho lisuuzwe kwa maji safi mengi, lifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa, kisha mtoto apelekwe hospitali. Kope zisivutwe wala kukatwa, na asetoni isisogezwe karibu na jicho.

Wanaotumia faiba waongeze tahadhari. Kile kichupa kidogo cha dawa ya kugandishia kinaweza kuliumiza jicho vibaya hata kwa tone moja. Nayo rangi ya gari ya kuchanganya makopo mawili mara nyingi ina kemikali zinazoweza kumletea mtu pumu. Hiyo ni kazi ya gereji yenye vifaa, si ya uani.

Njia isiyo na moto wala harufu

Kwa ufa wa kawaida ipo njia ambayo mafundi wa mtaani wanaijua siku nyingi: kushona. Haipendezi kama bampa jipya, lakini inashika kwenye PP na kwenye ABS, na haitoi moshi.

Kipande kioshwe kwa maji na sabuni ya kufulia, si petroli, kisha kikauke. Tafuta ufa unapoishia na utoboe hapo tundu dogo la milimita 2 au 3. Tundu hilo ndilo siri ya kazi yote. Nguvu inayopasua plastiki hukusanyika kwenye ncha kali ya ufa, na tundu la mviringo huitawanya, hivyo ufa hauendelei.

Baada ya hapo, toboa matundu yanayotazamana pande mbili za ufa, kila moja likiwa karibu sentimita 1 kutoka ukingoni. Pitisha waya laini, wa shaba ikiwezekana kwa kuwa haupati kutu kama chuma, au ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya. Kaza kwa upande wa ndani. Ncha za waya zikatwe na kukunjwa zitazame ndani, kwa sababu watoto ndio wanaotumwa kuosha gari Jumamosi.

Kama ni lazima kupiga msasa, ulowanishe msasa na plastiki ili vumbi liwe tope badala ya kuruka hewani. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, risasi huathiri ubongo unaokua. Tope hilo lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, lisifagiliwe, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kazi ifanyike nje, mbali na jiko, mtu akivaa miwani ya kujikinga. Mtoto asiwe msaidizi wa kushika kipande, awe upande mwingine wa nyumba na mtu mzima anayemwangalia. Kifaa kilichogundishwa kilale nje, kisiingizwe chumbani kukauka usiku.

Ikitokea ajali

Plastiki ya moto ikidondokea ngozi, usiibandue. Weka sehemu hiyo chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunike kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya. Dawa ya meno, mayai, mafuta ya kupikia na majivu haviponyi jeraha la moto. Vinalichafua na kumzidishia mhudumu kazi ya kulisafisha.

Aliyevuta moshi na akahisi kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma atolewe nje kwenye hewa safi, kisha apelekwe kituo cha afya. Moto ukishika, nyumba itoke watu kwanza. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania ni 114.

Visivyozibwa

Si kila ufa ni wa kuziba. Bampa ambalo masikio yake ya kufungia yamekatika linaweza kung'oka barabarani, hivyo liende kwa fundi. Gari lililogongwa kwa nguvu likaguliwe nyuma ya bampa, maana plastiki inaweza kuonekana imepata ufa tu wakati chuma cha ndani kimepinda.

Kuna kitu kingine ambacho mkono ulioshika gundi hushawishika kukimalizia: helmeti. Ufa wake unafanana kabisa na ule wa kava la pikipiki, lakini kazi zake ni tofauti kama mbingu na ardhi. Kava linapamba. Helmeti imetengenezwa ivunjike badala ya fuvu. Povu gumu lililo ndani yake husagika likipokea pigo, na likishasagika halirudi. Gundi huziba ganda la juu tu, na baadhi ya kemikali zilizo kwenye gundi na rangi hulidhoofisha ganda hilo bila kuonekana.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti humpunguzia mwendesha pikipiki uwezekano wa kufa katika ajali kwa karibu asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Kinga hiyo ni ya helmeti nzima, iliyofungwa mkanda. Iliyopasuka ikatwe mkanda na itupwe, ili asije mtu mwingine akaiokota na kumvisha mtoto wake asubuhi ya shule.

Fedha iliyookolewa kwa kushona kava kwa waya ina mahali pazuri pa kwenda: helmeti mpya inayoenea kichwa cha mtoto anayepakizwa nyuma.