Mia Tano ya Kila Siku

Desturi yetu tunapozungumzia ugumu wa maisha ni kutaja mambo makubwa. Tunataja msimu wa karafuu ulioharibika, mchele uliopanda bei kabla haujateremshwa bandarini, mshahara uliochelewa, mgonjwa aliyelazwa. Mambo hayo ni ya kweli na hatuna nia ya kuyapunguza. Lakini zipo fedha nyingine zinazotoka majumbani mwetu bila ya kuaga, mia mbili hapa na mia tano pale, na kwa kuwa kila moja ni ndogo hakuna anayeziuliza zinakwenda wapi. Leo tunataka kuziuliza sisi, na tutawauliza wananchi na watumishi wa Serikali kwa pamoja, kwa maana tundu ya mfukoni haichagui cheo.

Tuanze na hesabu, ile ile tuliyofundishwa skuli. Shilingi 500 kwa siku ni shilingi 15,000 kwa mwezi wa siku 30, na kwa mwaka ni shilingi 182,500. Mwaka 2017 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake kutoka shilingi 150,000 hadi shilingi 300,000 kwa mwezi. Mtumishi wa kima hicho aliyekuwa akipoteza mia tano kila siku, basi kwa mwaka alipoteza zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi mzima. Na nyumba yenyewe haina mtu mmoja. Baba ana mia tano yake, mama ana yake, na watoto wanagawana yao njiani wakienda skuli. Hizo ni shilingi 547,500 kwa mwaka, na ukimwuliza mwenye nyumba atakuapia kwamba hajapata kuziona. Naye hasemi uongo. Hakuziona kwa sababu hazikuwahi kukaa pamoja hata siku moja.

Zinakwenda wapi? Nyingine zinateketea kwa sigara zinazonunuliwa moja moja, moja asubuhi, moja baada ya chakula cha mchana, moja barazani usiku. Mvutaji wa namna hii humlipa muuza duka zaidi kuliko anunuaye pakiti nzima, na kifua chake hakipati nafuu yoyote kwa gharama hiyo. Hatumshauri anunue pakiti, tunamshauri aache. Nyingine zinakwenda katika soda ya saa nne, ambayo imekuwa kama faradhi maofisini. Nyingine tunampa kijana wa bodaboda atufikishe nyumbani kutoka barabarani, masafa ambayo mama zetu waliyakata kwa miguu na pakacha la muhogo kichwani. Wapo wanaonunua kifurushi cha simu cha siku moja, siku thelathini mfululizo, na mwisho wa mwezi wakawa wamelipa zaidi kuliko jirani aliyenunua cha mwezi mara moja. Wapo wanaotumiwa fedha kwa simu kisha wakazitoa kwa wakala mara tano, kidogo kidogo, na kila mara wakalipa ada. Na taa za nje zinawaka mpaka jua linapanda, ilhali umeme huu unatufikia kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, Unguja tangu mwaka 1980 na Pemba tangu mwaka 2010, nao si wa bure.

Kahawa ya barazani tumeiacha makusudi. Kikombe chake ni kidogo, bei yake ni ndogo, na habari zipatikanazo pale mara nyingine hutufaa hata sisi wa magazetini.

Lakini hapa ni lazima tuwatendee watu haki. Si kila anayenunua kidogo kidogo ni mbadhirifu. Neno hili ubadhirifu tumelirithi kutoka Kiarabu, na wengi wetu tulilisikia kwanza chuoni, tukiwa tumekaa juu ya mkeka, mwalimu akitueleza maana ya aya za Suratul Israa. Sura hiyo inakataza kutapanya mali, na haiendi mbali kabla ya kukataza vilevile mkono wa ubahili. Tunaikumbusha sehemu hii ya pili kwa sababu mawaidha mengi ya kubana matumizi huwaendea masikini peke yao, kana kwamba wao ndio watapanyaji wa nchi. Ukweli ni kwamba masikini ndiye anayenunua kwa bei ya juu kuliko watu wote. Wazee wetu walipima kwa pishi na kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja sawasawa. Dukani kwetu leo hesabu hiyo imevunjika. Mafuta ya kupikia yanauzwa kwa kikombe, sukari kwa robo, mkaa kwa kopo, sabuni ya unga kwa vipakiti. Ukivijumlisha vibaba vya leo, utalipa pishi moja na zaidi na hutaipata pishi yenyewe. Mwenye uwezo hununua gunia na hupunguziwa. Asiye na uwezo hununua kopo na huongezewa.

Dawa ya jambo hili haiwezi kuwa nasaha tupu. Dawa yake ni ushirika, na ushirika si neno geni katika visiwa hivi. Kina mama wetu wanacheza upatu miaka nenda miaka rudi, na fedha zao hazipotei, kwa sababu anayekula za wenzake hatapata pa kuketi arusini. Kama nyumba tano za mtaa mmoja zinaweza kuchangishana kila wiki ili mmoja apokee fedha, hazishindwi kuchangishana mara moja kwa mwezi zikanunua gunia la mchele, dumu la mafuta na gunia la mkaa, zikagawana kwa mizani. Kinachotakiwa ni mizani moja, daftari moja, na mtu mmoja anayejua kuandika na asiyependelea. Watu wa namna hiyo wapo katika kila shehia. Yafaa tukiri pia kwamba ushirika mwingi uliopita ulikufa kwa sababu daftari lilifichwa. Daftari la gunia likae mahali ambapo kila mwanachama atalifunua apendapo.

Tunayasema haya kwa kuwa tunaona mahali inakofikia ile mia tano. Nyumba isiyo na akiba haingojei msiba mkubwa ili ianguke. Hutosha mtoto kupandwa na homa usiku, au mzazi kutakiwa kuvuka kutoka Pemba kwenda Unguja kwa matibabu. Asubuhi yake mtu anabisha hodi kwa mkopeshaji, wale ambao wananchi wenyewe wameipa mikopo yao jina la kausha damu, na jina limeafiki. Riba yake inahesabiwa kwa wiki, na mara nyingine kwa siku. Dhamana ni televisheni, jokofu, hata godoro. Shamba, wapo wanaouza karafuu zingali mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi, na msimu ukifika wanachuma mali ya mtu mwingine.

Balaa hili si jipya kwetu. Katika miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba ya karafuu yalikuwa makubwa hata utawala wa kikoloni ukalazimika, mwaka 1934, kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wakopeshaji. Bei ya karafuu iliyoanguka ilikuwa sababu kubwa ya madeni yale, wala hatutawazulia mababu zetu kwamba waliuza mikarafuu kwa ajili ya vitafunio. Lakini historia hiyo inatufunza jinsi deni dogo linavyokula. Huanza kwa kukopa cha kulia mpaka msimu, msimu hautoshi kulipa, na mwaka wa pili shamba si lako.

Wazee waliobaki wanaukumbuka pia ubanaji wa matumizi usiokuwa wa hiari. Wanakumbuka foleni za vyakula za mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanakumbuka mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere alipowataka Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18, na jinsi miezi hiyo ilivyopita na mikanda ikabaki pale pale. Hakuna anayetamani kurudi huko. Tofauti yetu na wao ni kwamba sisi bado tunayo nafasi ya kuchagua wenyewe nini kiachwe.

Sasa tuwaelekee watumishi na viongozi, na hapa hatutamung'unya maneno. Hivi karibuni tulihudhuria semina ya siku moja ya kuwahimiza wananchi kuweka akiba. Hatutaitaja ofisi iliyoiandaa. Ukumbi ulikodiwa, ijapokuwa ofisi ile inao wake. Mbele ya kila mshiriki palikuwa na chupa mbili za maji, na nyingi zilifunguliwa, zikanywewa funda moja, zikaachwa. Ukutani palitundikwa bango kubwa la rangi lenye tarehe ya siku ile, maana yake halitafaa tena kesho yake. Nje madereva walikaa ndani ya magari, injini zikiunguruma ili wapate ubaridi, tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Mzee mmoja wa shamba aliyekaa karibu nasi alipokea bahasha yake ya nauli, akaitazama, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: "Na hizi nazo niziweke akiba, au nizirudishe?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Si kwamba mfano mwema haujapata kuonekana katika nchi hii. Mwaka 2015 Rais Magufuli alipunguza gharama za tafrija ya uzinduzi wa Bunge na fedha zikanunua vitanda vya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Mwaka ule ule sherehe za tarehe 9 Disemba ziligeuzwa kuwa siku ya usafi. Mwaka 2022 Rais Samia aliahirisha sherehe za tarehe hiyo hiyo, na shilingi milioni 960 zilizokuwa zimetengwa zikaelekezwa katika ujenzi wa mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Haya yalikuwa maamuzi ya juu kabisa na ya siku kubwa. Tunachokitafuta sisi ni mkuu wa idara atakayefanya vivyo hivyo siku ya Jumatano ya kawaida, pasipokuwa na mpiga picha, kwa kuagiza mtungi na bilauri badala ya katoni za chupa.

Lipo pingamizi moja tulilolisikia, nalo lina uzito. Tukiacha sote kununua vitu vidogo vidogo, mama anayeuza kando ya njia atakula nini? Jibu letu ni kwamba fedha si zote zinakwenda njia moja. Mia tano anayopewa muuza muhogo wa kuchemsha inakwenda kwa mkulima wa Makunduchi au wa Micheweni, na kesho huenda ikarudi dukani kwako. Mia tano ya biskuti za kigeni inapanda meli. Ngano hatuilimi katika visiwa hivi. Muhogo, ndizi, majimbi na shelisheli tunavyo, na bado meza ya asubuhi ya mtu anayejiona ameendelea haikamiliki bila ya boflo. Kwa hiyo ukiwa na mia tano ambayo ni lazima itoke, mpe jirani yako kwa kitu kilichoota hapa. Mtoto anywe chai na kiazi nyumbani kabla ya kutoka, asipewe fedha za kununulia peremende njiani, halafu tukashangaa meno yake na usingizi wake darasani.

Tunapendekeza mambo mawili yanayoweza kuanza mara moja. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Julai, Baraza la Wawakilishi hukaa Chukwani kuzijadili bajeti za Wizara. Kila Waziri aje na ukurasa mmoja unaoonesha kwa tarakimu fedha ambazo Wizara yake ilitumia kwa chai, maji ya chupa, kumbi za kukodi, mabango na mafuta ya magari yaliyosimama, na Wajumbe waulize. Na kila sheha aitishe kikao cha nyumba zilizo tayari kununua gunia la kwanza kwa pamoja, kikao cha chini ya mwembe, kisichokuwa na bahasha.

Sisi wa gazeti hili tumekwisha kuanza. Katoni za maji zimeondolewa ofisini, umewekwa mtungi, na chai sasa inapikwa hapa hapa kwa mchango wa kila mmoja. Mpaka tunaandika haya malalamiko yaliyotufikia ni mawili, na yote mawili yanahusu sukari.