KIJANA WA ARUSHA, UNAIJUA ENGARE NANYUKI?

Ndugu msomaji, wewe uliyepanga chumba kimoja Unga Limited na wenzako watatu, mwenye nyumba akikohoa unatetemeka, hebu jiulize: mlima Meru ule pale, ardhi ile pale, mbona huna hata pa kuchimba msingi?

Walalahoi wenzangu, tusidanganyane. Hatukuzaliwa wapangaji. Tulifanywa!

Mjerumani alipouteka mlima huu, aliuzungushia mashamba ya walowezi kama pete. Mmeru na Mwarusha wakabanwa juu, msituni. Mwingereza akaja na Sheria ya Ardhi ya 1923: ardhi yote ni ya umma, mwenye mamlaka ni Gavana. Maneno matamu! Tarehe 17 Novemba 1951 utamu wake ukaonekana. Askari waliingia Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, watu wapatao 3,000 wakafukuzwa, waende King'ori wakitaka wasitake. Kosa lao? Ngozi! Ardhi ilitakiwa kwa mashamba 13 ya mifugo ya Wazungu. Yaani ng'ombe wa Mzungu alipata pa kulala, mtu mweusi akakosa!

Wazee wale hawakuishia kulalama vijiweni. Walikataa fidia, wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Hoja ilikosa theluthi mbili ya kura, lakini Tanganyika ikaamka.

Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 1961 bendera ya Mwingereza ilishuka. Je, mantiki ya sheria yake ilishuka nayo? Fungua Sheria ya Ardhi ya 1999: ardhi yote ni ya umma, mdhamini ni Rais. Gavana katoka, kiti kipo! Zamani uliulizwa rangi ya ngozi, leo unaulizwa rangi ya noti. Na asiye nazo ahame. Waulize Wamaasai wa Loliondo, ambako mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 zilipigiwa vigingi, mfugaji akaambiwa kaa nje.

Kijana, acha kumlaani mwenye nyumba wako. Naye anahemea. Hudhuria mkutano wa mtaa. Uliza viwanja vimegawiwa nani na kwa bei gani. Uliza kila shamba kubwa lililogeuka pori ni la nani.

Kirilo alivuka bahari. Wewe unashindwa kuvuka barabara hadi ofisi ya mtaa?