Aligeta Hajakuibia Samaki, Wewe Ndio Umemfunza

Wasee, hizi video za Florida: jamaa anavua kwa bwawa la mtaa, aligeta anatokea, anamrushia samaki ndio apate watazamaji. Mnacheka nini?

Florida iko na aligeta kama milioni 1.3, hawa mabinamu wa mamba wetu wa Tana. Kumpata mmoja nyuma ya nyumba si maajabu. Samaki akipigapiga maji kwa ndoano, yeye anasikia chakula. Kata uzi, rudi nyuma, enda zako. Lakini ukimrushia, hata kama ni matumbo ya samaki tu, umemfunza kwamba mtu akisimama hapo kando, kuna kula. Kesho anayesimama hapo ni mtoto wa jirani. Ndio maana sheria ya huko inakataza kumlisha.

Na nani analipa? Aligeta wa futi 4 kwenda juu akiripotiwa kuwa hatari, anatumiwa mtegaji, na mara nyingi anauawa. Hawampeleki mbali, juu huwa wanarudi. Jamaa wa video naye anaweka sehemu ya pili.

Na wewe uko Umoja, unambonyezea kamoyo kekundu.