Kosa la Utotoni na Mlango wa Jeshi



Kila zinapotangazwa nafasi za jeshi, hakosekani visiwani kijana mwenye afya na cheti mkononi, ambaye wazee wake hawana raha. Alipokuwa na miaka kumi na minne alipelekwa mahakamani kwa nazi za watu, au kwa ugomvi wa uwanja wa mpira. Wazee huuliza: Je, jambo lile litamfuata? Suali hili lastahiki jawabu.

Matangazo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania yamezoea kumtaka mwombaji awe na tabia njema na nidhamu, na awe hajapatikana na hatia ya jinai mahakamani na kufungwa. Yatazameni maneno hayo kwa makini: hatia na kifungo vimetajwa pamoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, itumikayo Tanzania Bara, imekataza mtoto wa chini ya miaka 18 asihukumiwe kifungo. Nasi tunayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2011, iliyotunukiwa tuzo ya dhahabu ya kimataifa mwaka 2015, yenye kumtenga mtoto na mahakama ya wakubwa. Basi kijana aliyeonywa tu, au aliyewekwa chini ya uangalizi, hakufungwa. Na kwa herufi za tangazo, mlango u wazi kwake.

Unapofungwa ni penye neno "tabia njema". Neno hili halina mizani. Hupimwa kwa barua ya sheha na kwa upekuzi, na hapo ndipo jalada la kale linapoweza kufufuliwa, na pasipo jalada, uvumi wa mtaani ukashika mahali pake. Sheha hachaguliwi na watu, huteuliwa. Na sisi tulio katika upinzani hatuhitaji kuelezwa maana yake. Kosa dogo la mtoto huweza kuwa kisingizio cha kumwadhibu baba kwa bendera aliyoipandisha.

Dini yetu imetufundisha kwamba kalamu haimwandikii mtoto mpaka abaleghe. Na katika habari za vita vya Uhud imepokewa kwamba Abdullah bin Umar alirudishwa akiwa na miaka kumi na minne, kisha akakubaliwa katika Khandaq alipotimia kumi na mitano. Kilichoangaliwa ni umri. Ikiwa mtoto hatwikwi mzigo wa vita, vipi atwikwe daima mzigo wa upuuzi wake?

Wako watakaosema kwamba jeshi hukabidhi silaha, na halina budi kumjua limkabidhiye. Hayo ni kweli, wala hatutaki muuaji afichwe. Lakini kujua ni jambo moja, na kuhukumu gizani ni jambo jingine. Marekani, ambako mwombaji hutakiwa ataje hata kesi ya utotoni iliyofungwa kwa amri ya mahakama, pana utaratibu unaojulikana wa kuomba asamehewe sharti hilo, zikapimwa aina ya kosa, umri wake wakati ule, na mwenendo wake tangu hapo. Kijana wetu hurudishwa kwa kimya.

Ulinzi ni jambo la Muungano, na sheria ya watoto ni yetu wenyewe. Kwa hiyo wawakilishi wetu na wabunge wetu hawana budi kusema kwa kauli moja. Tunataka mambo matatu. Kwanza, majalada ya watoto yawe siri, kama zinavyoagiza Kanuni za Beijing za mwaka 1985. Pili, tangazo litamke wazi kwamba kosa dogo la utotoni si kizuizi. Tatu, anayekataliwa kwa sababu ya tabia apewe sababu kwa maandishi, na mahali pa kukata rufaa.

Nanyi wazazi, ichukueni nakala ya hukumu ya mwanenu na muihifadhi, ili siku ya upekuzi karatasi ijibu uvumi. Taifa limuombalo kijana roho yake halina haki ya kumnyima insafu.

Wassalam,
Mpenda Insafu, Pemba