TAHARIRI: MGONJWA WA AKILI NAYE ANA MOYO



Katika vigango vya Ngara na Biharamulo, ndugu mwenye ugonjwa mzito wa akili akifariki ghafla, husemwa msibani kwamba amepumzika. Ni nadra kuulizwa ameuawa na nini.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa watu hawa hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na wengi wao huondolewa na maradhi ya mwili yanayozuilika, yale ya moyo yakiwa mbele. Hapo hapana uchawi. Baadhi ya dawa za kutuliza akili, klopromazini na olanzapini zikiwamo, huongeza uzito na huweza kupandisha sukari na mafuta katika damu. Wengi huvuta sigara kupita kiasi na hushinda ndani. Na yupo aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba, asiyetembea hata hatua ishirini kwa siku. Tulitamke wazi: kamba hiyo ni dhuluma, hata kama familia imechoka na haikukusudia ubaya.

Dhuluma nyingine hutendwa kwa upole. Mgonjwa hulalamika kwamba kifua kinambana, akajibiwa kuwa hayo ni maneno ya ugonjwa wake. Mwingine hufuata dawa mwezi baada ya mwezi asipimwe presha wala uzito, ingawa mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2018 wataka mwili uangaliwe pamoja na akili. Mizani na kipimo cha presha havihitaji safari ya Bugando!

Asiwepo wa kuacha dawa kwa kusoma tahariri hii. Zikiachwa ghafla, ugonjwa hurudi. Amwulize mganga.

Tunaziomba jumuiya ndogondogo ziwatambue wagonjwa wao na kuwasindikiza zahanati, au hospitali za Rulenge na Biharamulo, au Murgwanza kwa ndugu zetu Waanglikana, na msindikizaji adai vipimo hivyo kwa adabu bila kuona haya. Parokia zilizoshuhudia wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 wakivuka Rusumo ndani ya saa 24 hivi, mwishoni mwa Aprili 1994, hazitashindwa na orodha ya watu watano kigangoni. Naye apelekaye Komunyo kwa wagonjwa, akifika mlango wa nyumba hiyo, asipite. Aingie.