Miezi Minne ya Katibu Mkuu

Ukishuka kutoka hapa Bulyanhulu hadi Kahama, unaifikia barabara kuu inayoelekea Isaka upande mmoja na Rusumo, mpakani mwa Rwanda, upande wa pili. Maamuzi ya New York na Arusha hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Matokeo yake huja kwa barabara hii.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama lilikuwa limeamua kukipunguza kikosi chake nchini Rwanda hadi watu 270. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali, aliliandikia Baraza akiliomba litafakari upya uamuzi huo tarehe 29 Aprili, wakati watu wakiwa tayari wamefurika darajani.

Wako wanaomtetea Katibu Mkuu kwa hoja kwamba yeye ni mtumishi tu, hana jeshi wala hazina. Ni kweli. Hata hivyo, anayo sauti aliyopewa kisheria. Ibara ya 99 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inamruhusu kulifikishia Baraza la Usalama jambo lolote analoona laweza kuhatarisha amani ya dunia. Dag Hammarskjöld aliitumia Julai 1960 kuhusu Kongo, na Baraza likaidhinisha kikosi cha kulinda amani. António Guterres aliitumia Desemba 2023 kuhusu Gaza. Siku mbili baadaye Marekani ilitumia kura ya turufu. Alishindwa, lakini kila mjumbe alilazimika kuonyesha msimamo wake hadharani. Hilo si dogo.

Sasa tuitazame Jumuiya yetu. Chini ya Ibara ya 29 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Katibu Mkuu akiona nchi mwanachama imekiuka Mkataba, huiandikia nchi hiyo, nayo hupewa miezi 4 ya kujibu kabla suala halijafikishwa kwa Baraza la Mawaziri. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalidumu siku 100 hivi. Kwa hesabu hiyo, barua ya Katibu Mkuu ingekuwa bado inasubiri majibu wakati maiti zimekwisha kuzikwa.

Utaratibu huo unafaa kwa migogoro ya ushuru wa forodha, haufai kwa vita. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, tulikumbushwa kwamba vita vya mwanachama mmoja ni vita vya jirani zake wote. Napendekeza Mkataba urekebishwe ili Katibu Mkuu aweze, kwa uamuzi wake mwenyewe, kuliitisha Baraza la Mawaziri ndani ya siku 7 pale maisha ya raia yanapokuwa hatarini.

Marais watasema tunampa mtumishi madaraka ya mfalme. La hasha. Uamuzi utabaki kwao. Tutakachowanyima ni kisingizio cha kwamba hawakuambiwa mapema.