Mbulu na Hanang: Vijana wengi pekee si mtaji

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,425,131 mkoani Manyara. Ile ya 2022 ikakuta 1,892,502. Yaani ndani ya miaka 10 tu, wameongezeka zaidi ya 467,000.

Wengi wakisikia hivyo husema "nguvu kazi hiyo, uchumi utapaa". Subiri kwanza.

Wachumi huzungumzia gawio la idadi ya watu. Hesabu yake ni hii: vizazi vikipungua, kila anayefanya kazi anabaki na wategemezi wachache. Kinachobaki mfukoni kinasomesha na kuanzisha biashara. Korea Kusini ilipita njia hiyo, lakini iliwasomesha vijana wake na kuwatafutia kazi.

Kwa hiyo swali si vijana wako wangapi. Swali ni kila anayefanya kazi analisha midomo mingapi.

Kitaifa, mwendo ni wa polepole. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha mwanamke Mtanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, kutoka 5.2 mwaka 2015/16. Zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania bado wana umri chini ya miaka 15.

Mbulu na Hanang hesabu hiyo inaonekana shambani. Familia nyingi huishi kwa kilimo na mifugo, na ardhi haiongezeki. Shamba la baba likigawanywa kwa watoto sita, kila mmoja anabaki na kipande tu.

Halafu kuna mtoto wa kike. Utafiti huohuo uliikuta Manyara ikiwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ukeketaji: asilimia 43 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Imeshuka kutoka 58, lakini bado ni kubwa mno. Kwa baadhi ya jamii, binti akishakeketwa huonekana yuko tayari kuolewa. Akiolewa mapema, anaacha shule na kuanza kuzaa mapema.

Milango ya shule imefunguliwa. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha hadi cha sita mwaka 2022. Tangu Novemba 2021, aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani.

Sasa kipimo kiwe hiki: kati ya wasichana walioanza kidato cha kwanza Katesh, Dongobesh au Haydom, wangapi wanamaliza cha nne? Majibu yamo kwenye rejesta za shule. Diwani wako akija kuomba kura, muulize.